Mama wa Mapacha wa Kitaji

Kuna watu hapa Musoma mpaka leo wakimuona dada yangu Hyasinta wanavuka barabara. Wanasema alifunga watoto wa watu. Nawasikiaga sokoni nikiwa nimemwaga mitumba yangu chini, wanaongea juu ya kichwa changu kama vile mimi ni gunia. Sasa nasema mimi. Naitwa Masatu, tumetoka tumbo moja na Hyasinta, na siku ile nilikuwepo.

Dada ni mtu wa Bukima. Darasani aliwaburuza wavulana wote, na alipomaliza la saba tu wakamchukua kuwa mwalimu. Ulikuwa ule wakati wa UPE, serikali inataka kila mtoto asome na walimu hawatoshi, basi wakawa wanazoa waliomaliza la saba, wanawaonyesha ualimu kidogo, wanawatupia darasa. Watu wakawaita Ualimu Pasipo Elimu. Dada aliitwa hivyo na watu wanaoshika kalamu kama mpini wa jembe.

Wakampeleka upande wa Butiama. Miaka ile ilikuwa ya hovyo. Sabuni hamna, sukari mpaka foleni, chaki ndiyo usiulize. Alikuwaga anaandika ubaoni na kipande cha muhogo mkavu, halafu akigeuka watoto wanaiba chaki wanatafuna. Unacheka? Wewe ulikuwa unakula nini mwaka ule?

Baadaye akaolewa Bunda. Mtoto hakupatikana. Mwanaume akaleta mke mwingine ndani bila hata kukohoa. Dada akafunga nguo zake kwenye kanga, akaacha ndoa, akaacha na kazi ya serikali, akaja kwangu Musoma. Nilikuwa na chumba kimoja. Nikahamia upande wa mlangoni, yeye akalala kitandani.

Ilikuwa themanini na nane, ruksa ya biashara imeshaingia. Maduka yaliyokuwa na popo ndani yakafunguka. Na kila mtu ghafla anataka Kiingereza. Fundi baiskeli anaandika kibao kwa Kiingereza, muuza nyanya anasema "sorry". Wenye maduka wanataka watoto wao wafaulu waende sekondari, na sekondari kila kitu ni Kiingereza, hata kilimo. Dada akaona hapo ndipo pa kushika.

Pale Kitaji kuna mchomeleaji mmoja, Alfonsi. Nyuma ya karakana yake ana uwanja na kibanda cha mabati. Akamruhusu dada afundishe pale jioni.

"Ila mwalimu," akasema, "mimi sitaki zogo la wazazi. Siku wazazi wakija kugombana hapa, unabeba ubao wako unaondoka."

"Hawatagombana," dada akasema.

Watoto wakajaa. Wa Kitaji, wa ziwani Mwigobero, mchanganyiko. Dada akawa ananunua sabuni yake mwenyewe, anatembea kichwa juu. Usiku mmoja akaniambia, "Masatu, hili darasa likifa mimi narudi Bukima. Nikirudi Bukima, wake za kaka zetu watanipa kona ya jikoni nilale na mbuzi. Afadhali nife." Hakuwa anatania. Nawajua hao mashemeji.

Sasa shida ilikuwa Kiingereza chenyewe. Kiingereza kina wizi. Kinachukua neno, kinageuza herufi moja, kinakuletea neno lingine, kama baiskeli ya wizi iliyopakwa rangi. Quiet ni kimya, quite ni kabisa. Lose ni kupoteza, loose ni kulegea. Price ni bei, prize ni zawadi. Kitchen ni jiko, chicken ni kuku, mtoto anakuandikia kwamba mama anapika ndani ya kuku. Though na through na thought, hayo mimi usiniulize, yalinishinda nikaacha shule salama. Na mtihani unapendaga kutegea hapohapo.

Dada alichapa. Wapi. Aliwaandikisha mpaka vidole vikavimba. Wapi. Jioni moja akaja na uzi wa nyavu, ule wa kushonea, akawasimamisha watoto wawili wawili.

"Haya maneno ni mapacha," akasema. "Sura moja, roho mbili. Ukiwachanganya, mama yao anakasirika. Na mama yao ni mimi."

Akawafunga mkono kwa mkono, kila mtoto akapewa neno liwe jina lake. Jina la nyumbani unaliacha nje. Ukiitwa jina la pacha wako ukaitika, wote wawili mnamwagiwa kikombe cha maji na darasa zima linawazomea. Nilikuwa nakaa pale kwenye mtungi wa gesi wa Alfonsi naangalia, nacheka mpaka mbavu.

"Loose!"

"Naam mwalimu!"

"Wewe ni Loose wewe?"

"Aah… mimi Lose, mwalimu."

"Umelegea au umepoteza?"

"Nimepoteza!"

"Maji!"

Yalimwagwa, watoto wakapiga kelele kama wamefunga goli. Na wakaanza kushika, hata wale wenye vichwa vya mawe. Wakienda nyumbani dada anakata uzi katikati, kila mmoja anabaki na kipande mkononi. "Msifungue," akawaambia. "Atakayefungua amemtupa pacha wake."

Hapo ndipo aliharibu. Na sio kwamba alikuwa hajui.

Sisi watu wa ziwani pacha sio mchezo. Mapacha wakizaliwa kuna mambo yake. Ukoo wa baba na ukoo wa mama wanakutana, wanatukanana kwa nyimbo, matusi mazito kabisa, na mama wa mapacha anasimama katikati anatukanwa na wote, hajibu. Halafu bibi ananyunyiza maji yenye majani, inaisha, mnakula. Bila hivyo mapacha wanaugua pamoja, na ugonjwa unaingia nyumba nzima. Tunaenda misa Jumapili, tunakomunika, lakini hilo hakuna anayelichekaga. Dada alilijua tangu anazaliwa. Aliona tu kwamba haya ni maneno ya Kiingereza, nani atayafanyia mila.

Quiet alikuwa mtoto wa kiume anaitwa Florian, baba yake ni mvuvi na kila wiki yuko visiwani, analelewa na bibi yake, Dorotea, pale Mwigobero. Quite alikuwa Jeska, binti wa Boniphace, Mkurya mwenye duka la spea, mtu mwenye ng'ombe kwao na mdomo mkubwa hapa mjini. Basi Florian kafika nyumbani, bibi anamuita ale, haitiki.

"Florian! Umeziba masikio?"

"Mimi sio Florian. Mimi pacha. Mwenzangu yuko Kitaji." Akamuonyesha uzi.

Wiki hiyohiyo Florian akaamka macho mekundu, yameziba na tongotongo. Kesho yake Jeska naye. Halafu pacha wengine, na wengine. Mtu mwenye akili anajua macho mekundu yanaambukiza. Umefungwa mkono na mwenzio, yeye anajikuna na wewe unajikunia humohumo, unategemea nini? Lakini nenda kamwambie hivyo Bibi Dorotea.

Alikuja jioni, kapu la dagaa kichwani, hakulitua. Nyuma yake akina mama wa ziwani kama kumi na kitu. Dada yuko ubaoni.

"Wewe mtoto wa Bukima," akasema. "Nani alikuzalisha mapacha hapa?"

"Shikamoo bibi."

"Sitaki shikamoo yako! Umefungua mlango wa mapacha, umeuacha wazi, umekaa unaandika! Mjukuu wangu haoni!"

"Bibi, ni ugonjwa wa macho. Mpelekeni hospitali mkamtie dawa."

"Hospitali ndiyo ilimfunga uzi?"

Kabla dada hajajibu, Boniphace naye huyo anaingia, amemshika Jeska mkono, mtoto macho kama nyanya. Hakumuangalia hata bibi.

"Mwalimu! Nimekuletea mtoto afundishwe, unamfunga na kitoto cha mvuvi? Mtoto wa kike wa Kikurya anafungwa kamba na mwanaume, bila mimi kujua? Ng'ombe ziko wapi?"

"Kitoto cha nani?" Dorotea akageuka. Kapu likayumba. "Sema tena, wewe mnywa damu ya ng'ombe!"

"Nasema wa mvuvi! Ananuka dagaa mpaka kwenye daftari!"

Nikaruka kutoka kwenye mtungi. Nilishakunja ngumi, na Boniphace alikuwa ameniona. Alfonsi akatokea na koleo la moto mkononi, akasimama katikati yetu.

"Nilisema nini, mwalimu?" Hakupaza sauti. "Nilisema nini kuhusu wazazi? Nakupa mpaka Jumapili. Hawa watu wapatane, au Jumatatu ubao wako uko barabarani."

Wazazi wakaondoka na watoto wao wote. Ubao umejaa maneno, hakuna wa kuyasoma.

Nikamwambia dada niache nimfuate Boniphace dukani nimvunje taya. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbwa aliyekula mboga.

"Ukimvunja taya, nani ataleta mtoto tena? Wewe ndiye utakuja kusoma quite?"

"Basi kaombe msamaha."

"Msamaha wa nini? Wa kufundisha?"

Mdomo ule. Dada yangu hajawahi kuachiwa neno akalilaza. Bunda alimjibu mama mkwe mbele ya padri. Ila Ijumaa akajifunga kitenge, akaniambia twende Mwigobero.

Dorotea alikuwa anageuza dagaa kwenye mchanga. Hakutukaribisha. Dada akasimama juani.

"Bibi, unataka nifanye nini ili watoto warudi?"

"Unajua."

"Nataka kusikia kwako."

"Mapacha wana mama," Dorotea akasema. "Wale wamezaliwa na wewe, wewe ndiye ulifunga. Utasimama katikati pale uwanjani unapofundisha. Nyumba ya mvulana itakutukana, nyumba ya msichana itakutukana. Ukijibu hata neno moja, imeharibika, na hakuna mtoto wa ziwa atakayekanyaga kwako tena." Akamuangalia juu mpaka chini. "Na wewe nakufahamu. Utajibu."

Nikajua tumekwisha.

Kwa Boniphace hatukwenda sisi. Dorotea alimtuma mtu kwa Boke, mke wa Boniphace, mama mpole ambaye kila siku alikuwa analia na macho ya binti yake na mtihani unaokuja. Boke akambembeleza mume wake. Nasikia Boniphace alicheka. "Kwenda kumtukana tu? Bure? Hiyo nitakuja." Hakuna aliyemueleza zaidi. Watu wa ziwani hawakuona cha kueleza, kwao hata mtoto mdogo anajua matusi ya mapacha yakoje.

Jumapili baada ya misa uwanja wa Alfonsi ukajaa. Alfonsi mwenyewe amekaa mlangoni na mikono kifuani. Dada akasimama katikati, kanga kichwani, Florian na Jeska mbele yake wamefungwa upya uzi. Mimi akina mama walinikalisha nyuma, na mmoja mnene akakaa karibu yangu kabisa, ameshika shati langu. Walikuwa wananijua.

Upande wa Dorotea wakaanza. Ngoma hamna, wanagonga madebe.

"Mama wa mapacha, mdomo kama kamongo!"

"Unafungua, matope yanatoka!"

"Matiti yako, nyavu iliyotoboka!"

"Sangara wanapita katikati!"

Watu wanaanguka kwa kicheko. Wakamwambia makalio yake yameandikwa kwa muhogo. Wakamwambia akioga ziwa linahama. Mengine siwezi kuyasema hapa, watoto wanasikia. Dada ametulia, lakini mimi namjua, shingo ilikuwa imesimama mishipa. Nilimuona anameza mate. Anameza tena. Dorotea anamzunguka na tawi la majani lililochovywa maji, anamchungulia usoni, anamngojea afungue mdomo.

Halafu wakageukia upande wa pili. "Nyumba ya msichana, na nyie!"

Boniphace akasogea. Hakugonga debe. Hakuimba. Akajiweka sawa koti, akaongea kama anavyoongea dukani na mtu aliyerudisha spea.

"Mwanaume wako wa Bunda alifanya vizuri kukufukuza. Tumbo lako halishiki kitu. Ndiyo maana unafunga watoto wa wenzio uwaite wako. Wewe utakufa peke yako, na hakuna atakayekuzika."

Debe likanyamaza. Yule mama mnene akaachia shati langu, akaziba mdomo. Jeska akageuka akamuangalia baba yake na yale macho yake mekundu.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Dada hakunitazama, alinyoosha tu kiganja, hivi, kwa chini. Kaa. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni, lakini hakusema. Alimkazia macho Boniphace. Angeweza kumvua nguo mtu yule kwa maneno mawili, Kitaji nzima inajua habari zake na magendo ya mpakani. Akameza.

Aliyejibu alikuwa Dorotea.

"Wewe!" Akamtupia lile tawi la majani kifuani, koti zima likalowa. "Hayo umeyatoa wapi? Nani alikwambia ulete hapa maneno ya kweli?"

"Si mmeniita nitukane?"

"Tunatukana vitu tunavyocheka sote! Wewe umekuja kumchinja mtu! Hata ng'ombe zako haziongei hivyo! Toka!"

"Bibi, usinisukume. Mimi sio wa mila zenu."

"Toka, nasema!"

Akina mama wakamwangukia na madebe. Hakupigwa sana. Alisukumwa mpaka barabarani, kiatu kimoja kikabaki, akarudi kukichukua, wakamzomea akakiacha. Boke alibaki amesimama na aibu yake, kamshika binti bega. Dorotea akakata uzi, akawanyunyizia watoto, akamnyunyizia na dada. Akanung'unika, "Imeisha. Hujajibu." Ilionekana kama imemuuma.

Mimi nikadhani tumeshinda. Mjinga mimi.

Jumatatu tunakuta ubao uko barabarani, umevunjwa mguu. Alfonsi anachomea geti, hainui hata miwani.

"Wamepatana!" nikamwambia. "Ulisema wapatane!"

"Boniphace ndiye ananipa fimbo za kuchomelea. Ameaibishwa kwangu. Nendeni."

Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia. Nikapiga teke geti lake na likaniunguza. Dada alikuwa kama ameishiwa. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akaweka ubao magotini. "Nitafutie gari la Bukima," akasema.

Sikutafuta. Nilibeba ubao kichwani nikashuka nao Mwigobero, dada ananifuata nyuma ananiita mpumbavu. Nikautua mbele ya Dorotea, kwenye mchanga wake.

"Ulisema yeye ni mama wa mapacha," nikamwambia. "Basi mama wa mapacha ametupwa nje. Sema na hilo."

Dorotea alinitukana kwanza, ukoo wangu wote, kwa mpangilio. Halafu akamtukana Alfonsi, ambaye hayupo. Halafu akatukana Kiingereza. Akaondoka, akaingia kwenye banda ambamo mtoto wake yule mvuvi anawekaga nyavu, akaanza kuzirusha nje.

"Mama wa mapacha akilala nje, wanaugua tena," akasema akiwa humohumo ndani. "Sio kwamba nakupenda."

"Na mimi sikupendi, bibi," dada akajibu. Sasa alikuwa anaruhusiwa.

"Na usinifungie mtu uzi hapa!"

"Nitawafunga kwa maneno tu. Hata wewe nitakufunga, uanze na kitchen."

"Mshenzi!"

Watoto wa ziwani walirudi jioni ileile. Wa Kitaji wachache wachache, wanaziba pua. Alhamisi akaja Boke, amejifunika kanga mpaka machoni, anamsukuma Jeska mbele. Alisimama mbali.

"Mwalimu, baba yake hajui. Akijua ataniua."

Nilitaka kumfukuza. Niliinuka kabisa. Mtoto alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili, macho yameshapona. Dada akamuangalia, uso wake haukuwa mzuri hata kidogo.

"Aingie," akasema. "Mume wako mwambie siku akikanyaga huu mchanga, nitamjibu. Siku hiyo hakuna mapacha."

Boke akaitikia kwa kichwa, akaondoka haraka. Jeska akaingia akakaa karibu na Florian. Nje Dorotea akaanza kupiga kelele kwamba kitoto cha Mkurya kimemkanyagia dagaa, dada akatoka mlangoni na fimbo ya kuonyeshea ubaoni, akamwambia aanike dagaa zake kijijini kwao Nyegina, hapa ni shule.

"Shule ya nani? Banda la nani hili?"

"La wanangu!" dada akasema, akafunga mlango.